Mwaka wa Mnavu

Watu wengi wa Mugumu wakiukumbuka mwaka ule, huukumbuka kwa barakoa, kwa ndoo za maji ya kunawa zilizowekwa kila mlangoni, na kwa barabara ya kwenda hifadhini iliyokaa kimya mpaka majani yakaota katikati. Nikodemo Wangwe huukumbuka kwa mnavu. Ukimtajia ule ugonjwa na shida zake, huinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza wimbo wa zamani ukiimbwa nyumba ya jirani, halafu husema, "Mwaka ule dada yangu alikuwa kwetu."

Nikodemo alikuwa mpishi. Si mpishi wa mgahawa wa stendi, la. Alikuwa mkuu wa jiko katika kambi moja ya watalii ndani ya Serengeti, mahali ambapo wageni walilala kwenye mahema yenye vitanda vya mbao na kulia chakula mezani mbele ya mwanga wa mishumaa. Alianza kama mwosha vyombo, akapanda taratibu kwa mikono yake mwenyewe. Aliweza kuchonga karoti ikawa ua. Mboga zake zilikuja na lori kutoka Arusha, zimepangwa kwenye makasha, zimeoshwa zikang'aa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kujiuliza zimetoka kwenye shamba la nani.

Kisha wageni wakaacha kuja. Meneja aliwakusanya wafanyakazi wote, akawaambia waende nyumbani wakasubiri kuitwa. Hakusema wasubiri mpaka lini, kwa sababu hata yeye hakujua. Nikodemo aliondoka na begi lake, visu vyake alivyovifunga kwenye aproni, na pakiti chache za mbegu alizopewa na mtunza bustani ya kambi kama zawadi ya kuagana.

Mkewe, Rose, alikuwa fundi cherehani. Harusi zilikuwa zimeahirishwa na shule zimefungwa, kwa hiyo hapakuwa na gauni wala sare ya kushona. Binti yao Skola alikuwa amerudishwa kutoka bweni na godoro lake kichwani. Rose hakuwa mwanamke wa maneno marefu. Mumewe alipomaliza kunywa uji siku ya kwanza aliyofika, alimwambia, "Baba Skola, nyumba hii ya kupanga hatuiwezi tena. Twende Manchira."

Manchira, karibu na bwawa, walikuwa na kiwanja walichokinunua enzi za neema. Palikuwa na vyumba viwili vilivyoezekwa lakini havijapigwa lipu, na madirisha yamezibwa kwa mabati. Walihamia hapo na vitanda, cherehani na kuku wa Rose. Nikodemo alitoa kiti nje, akakaa akitazama bwawa. Siku zikapita, naye akawa bado amekaa.

Rose alimvumilia, kisha uvumilivu ukamwisha. Asubuhi moja alimwekea jembe mapajani.

"Hicho kiti kitaota mizizi," alisema. "Afadhali uoteshe kitu kinacholiwa."

Ndipo Nikodemo akazikumbuka zile pakiti. Alilima kipande upande wa chini wa nyumba, akapanda alichokuwa nacho: saladi ya majani, zukini na figili nyekundu. Alichota maji bwawani kwa ndoo mpaka mabega yakamuuma. Nyingine zilikauka, nyingine zikaota, na zile zilizoota zilipendeza kweli kweli. Akamwomba Selestina, mama wa Kijaluo aliyekuwa akiuza dagaa na mboga sokoni Mugumu, amsaidie kuziuza.

Selestina aliishika zukini, akaipindua, akainusa.

"Baba Skola, hili ni tango limefanya nini?"

"Si tango. Ni zukini. Inakaangwa kwa mafuta kidogo na kitunguu saumu."

"Na mtu akiila anashiba?"

Nikodemo alimpangia kwenye kikapu. Jioni Selestina alizirudisha zote isipokuwa mbili tu, ambazo alisema mteja mmoja alichukua akidhani ni dawa. Kuku wa Rose walikula saladi wiki nzima. Skola alicheka mpaka akalia, na Nikodemo, ambaye hakuwa amecheka tangu atoke kambini, naye akacheka.

Lakini usiku ule usingizi ulimpaa. Ilimjia harufu ambayo hakuwa ameifikiria kwa miaka mingi, harufu ya majani ya mgagani yakichemka kwenye chungu na maziwa, na mama yake akikoroga huku amefumba jicho moja kwa ajili ya moshi. Aliikumbuka bustani ya mama kule Kemambo, nyuma ya nyumba, imezungushiwa miti ya minyaa. Aliukumbuka mwaka ambao ng'ombe wa baba walikufa kwa ndigana, mmoja baada ya mwingine, mpaka zizi likabaki na alama za kwato kwenye tope lililokauka. Mwaka ule wote waliishi kwa bustani. Alikuwa mdogo, na hakumbuki kulala njaa hata siku moja.

Kesho yake alimwambia Rose, "Nakwenda Kemambo kuomba mbegu."

Dada yake, Wegesa, aliishi huko. Alikuwa amemtangulia kuzaliwa kwa miaka mingi, mjane, watoto wake wameoa na kuolewa na kutawanyika hadi ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Tangu Nikodemo aingie kazi za hifadhini, walionana misibani tu. Hawakuwa na ugomvi wowote. Umbali ulikua wenyewe, kama magugu yanavyokua mtu akisema atapalilia kesho.

Alikodi pikipiki, yeye na dereva wakavuka Mto Mara, wakafika Kemambo mchana vumbi limewabadilisha rangi. Wegesa alikuwa anaanua ulezi. Alimtazama kwa muda.

"Nani kafa?" aliuliza.

"Shikamoo dada. Hakuna aliyekufa."

"Marahaba. Sasa umefuata nini, Nchagwa?"

Hakuna mtu mwingine aliyebaki duniani wa kumwita Nchagwa, jina lake la kuzaliwa. Kambini alikuwa Shefu Niko, mjini alikuwa Baba Skola. Lile jina lilimkuta hajajiandaa, ikabidi ajifanye anapangusa vumbi machoni.

Alimweleza kila kitu: kazi, kiwanja, zukini. Wegesa alisikiliza akipepeta. Alipofika kwenye kuku na saladi, ungo ulisimama.

"Umechota maji bwawani kwa ajili ya chakula cha kuku?"

"Ndiyo."

"Mura!" alisema Wegesa kwa mshangao, kama anavyoitwa kijana asiyesikia. Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na vibuyu vidogo vya mbegu ndani ya kikapu, na nguo zake amezifunga kwenye kanga. "Mbegu nikikupa mikononi utaziua. Nakwenda nazo mwenyewe. Nikiona zimeota, narudi."

Alikaa mwaka na zaidi.

Haikuwa rahisi. Jiko la nyumba ile lilikuwa dogo, na sasa lilikuwa na wapishi watatu. Wegesa aliamka kabla ya jogoo na kuhamisha vyombo vya Rose. Alikoroma. Siku ya kwanza Nikodemo alipopika na kupakua kwa ule ufundi wake, ugali mdogo katikati ya sahani na mboga zimezunguka kama shanga, Wegesa aliitazama sahani yake pande zote.

"Hiki ni chakula au ni picha?"

"Ni chakula, dada."

"Basi kilete chote."

Rose alicheka, na kuanzia hapo wifi hao wawili wakaanza kusikilizana, japo kwa kumsema yeye.

Bustanini Wegesa hakufundisha. Alifanya, akaguna, na mtu akakosea mpaka akaelewa. Nikodemo aliponunua samadi mbichi na kuimwaga kwenye matuta, alimwacha amwage, kisha akamwambia aichote yote tena. "Hiyo bado ina hasira. Iache ikae nje, inyeshewe, ipoe. Ukiiweka leo itaunguza." Waliilundika pembeni. Nikodemo, mwenye haraka ya mtu aliyepoteza kazi, alikwenda kuikagua kila mara, akitamani ioze upesi. Haikuoza upesi. Ilioza kwa wakati wake, na ilipokuwa tayari ilinuka kama udongo wa kwao baada ya mvua ya kwanza.

Walipanda mnavu, mgagani, kunde za majani na maboga. Mnavu ulipofika kwenye goti, mzuri, umesimama wima, Wegesa alipita akauvunja vichwa vyote kwa ukucha wa kidole gumba. Nikodemo alipiga kelele.

"Dada, unaharibu!"

"Usipovunjwa kichwa utarefuka tu, utoe maua, uishe. Ukivunjwa unatafuta pengine pa kutokea." Alimwonyesha shina moja alilokuwa amelivunja siku za nyuma, ubavuni lilikuwa limechipua matawi kila upande. "Umesahau? Hii ilikuwa kazi yako. Mama alikuwa anakutuma wewe kwa sababu ulikuwa mfupi, huinami."

Alikuwa amesahau. Sasa ilimrudia: umande kwenye magoti, maji ya kijani kwenye vidole, mama akiimba sehemu ya wimbo wa kanisani na kurudia palepale kwa sababu hakujua unavyoendelea. Alivunja vichwa vya mstari mzima. Wegesa naye alianza kuimba kwa sauti ya chini, na alipofika pale mama alipokuwa akifika, akarudi mwanzo.

Walikuwa na siku nyingi za namna ile. Waliinama kila mmoja kwenye tuta lake, wakibishana juu ya mambo ya zamani: yule mbuzi alikuwa mweusi au wa madoa, mafuriko yalikuja kabla au baada ya kipaimara. Skola alikaa pembeni na madaftari yake akisikia majina ya watu waliokufa kabla hajazaliwa. Nikodemo aligundua kwamba alimjua dada yake kidogo sana. Hakujua kwamba aliwahi kutaka kuwa nesi. Hakujua kwamba anaogopa radi. Hakujua kuwa anapenda mifupa ya samaki kuliko samaki mwenyewe.

Mboga zikawa nyingi kuliko midomo ya nyumbani, na hapo ikaibuka shida nyingine. Nikodemo alilima, alimwagilia, alichuma, lakini kwenda sokoni na kikapu cha mnavu hakutaka. Mugumu walimjua. Walimwona miaka yote akishuka kwenye magari ya kambi na shati jeupe lenye jina lake kifuani. Tena kwao, ng'ombe ni mali ya mwanamume, mboga ni za wanawake. Alisema atampa Selestina. Selestina aliumwa mguu. Alisema atamtuma Rose. Rose alikuwa amepata kazi ya kushona barakoa, hakuinuka kwenye cherehani. Mnavu ukaanza kuzeeka shambani.

"Unamfikiria tata," Wegesa alimwambia siku hiyo, wakiwa wamekaa kivulini mwa ukuta wa nyumba wakichambua kunde. Baba yao walimwita tata, kama Wakurya wote.

"Tata asingebeba mboga."

"Tata alikuwa anakaa mlangoni mwa zizi tupu na fimbo yake."

"Ndivyo ninavyomkumbuka. Akila mboga ya mama anaiita majani ya mbuzi."

"Aliila yote lakini." Wegesa alitupa ganda. "Nchagwa, wewe ulikuwa mtoto, ulikuwa unalala. Mwaka ule wa ndigana mimi nilikuwa naamka mapema kwenda mtoni. Asubuhi moja nikasikia maji nyuma ya nyumba. Nikachungulia. Nikamwona tata. Amechukua kile kibuyu cha kukamulia, kwa sababu hakukuwa na ng'ombe wa kukamua, amekijaza maji, anamwagilia mnavu wa mama. Polepole, shina kwa shina, kama anampa ndama dawa."

Nikodemo aliacha kuchambua.

"Aliniona. Akaniambia, usimwambie mama yako. Sikumwambia. Lakini mama alikuwa anajua. Wewe unadhani kwa nini mwaka ule alikuwa anachelewa kuamka? Mama yetu, mtu wa kuamka kabla ya jogoo? Alikuwa amelala macho wazi, anampa mumewe nafasi."

Nikodemo aliweka kunde chini. Alitazama mikono yake, ile mikono ya kuchonga karoti, imepasuka na kuingia udongo kwenye kucha. Maisha yake yote alikuwa amembeba baba mmoja kichwani, mgumu kama gogo la zizi. Na sasa, akiwa na mvi zake, alikuwa anapewa mwingine, na huyu wa pili Nikodemo alimpenda zaidi. Uchungu wake ulikuwa kwamba mtu mwenyewe alikuwa ameshaondoka, hakuna wa kumwambia.

Asubuhi iliyofuata alifunga vikapu viwili kwenye baiskeli akaenda sokoni. Mtu wa kwanza kukutana naye alikuwa dereva waliyefanya naye kazi kambini. Nikodemo alijikaza asubiri kejeli. Dereva yule alishuka kwenye baiskeli yake mwenyewe, iliyokuwa imebeba mkaa, akachungulia kwenye kikapu.

"Shefu, huu ni mgagani? Mke wangu ameutafuta. Mnaupika na maziwa au bila?"

Walisimama pale njiani wakazungumza mapishi mpaka jua likawachoma. Tangu siku hiyo Nikodemo akawa muuzaji mwenye maneno. Hakukuacha uondoke na fungu la mnavu bila kukueleza uanze na nini na uuepue lini, na wateja wakarudi kwa ajili ya maelezo kama walivyorudi kwa ajili ya mboga.

Nyumba haikutajirika. Lakini walikula, Rose alipata sabuni na uzi, na Skola alirudi shule zilipofunguliwa. Nikodemo aliacha kumtazama kila anayepita barabarani kama anayemletea habari za kuitwa kazini.

Halafu tembo wakaja.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, wakati wanyama wanatoka hifadhini kutafuta maji na chochote kibichi. Walipita alfajiri, na watu wa nyumba ile walisikia kama upepo mzito na matawi yakikatika. Kulipopambazuka wakatoka. Uzio ulikuwa umelala chini. Maboga yameisha yote. Matuta yamekuwa mashimo makubwa ya nyayo, na mnavu umelala kwenye tope.

Rose alikaa chini palepale akalia. Nikodemo hakulia. Alisimama akiziangalia zile nyayo, pana kama sinia, akawaza jinsi alivyoamka alfajiri miaka yote ile kuwapikia watu waliovuka bahari ili wawaone tembo hawa hawa, na jinsi walivyorudi mezani wakiwa na machozi ya furaha. Alitaka kutukana, akakosa tusi linalotosha. Askari wa wanyamapori walikuja, wakapima kwa macho, wakasema pole, wakaondoka kuwafuata tembo.

Walipogeuka walimkuta Wegesa amefunga kanga kiunoni, yuko katikati ya matope na ungo. Alikuwa anaokota. Jani moja moja, yale yaliyokanyagwa lakini hayakuchanika, anayapangusa na kuyaweka.

"Dada, acha," alisema Nikodemo. "Imeisha."

"Imeisha nini? Mnavu wenyewe huu hapa. Umelala tu. Wifi, washa moto."

"Wifi, mimi sina nguvu," Rose alisema.

"Nguvu zinakuja na chakula. Na wewe Nchagwa, usikanyage hicho kinyesi. Kisogeze kule kwenye lundo. Wametuletea samadi mpaka mlangoni, hakuna aliyetudai."

Nikodemo alimwangalia Rose, Rose akamwangalia yeye. Kwanza ilikuwa kama kikohozi, kisha Rose akashindwa kujizuia, akacheka na machozi yangali mashavuni. Waliingia wote matopeni wakaokota. Mchana walikula ugali wa mtama na mnavu uliokanyagwa na tembo. Nikodemo aliupika mwenyewe, kwa maziwa, na akaapa kwamba katika maisha yake ya upishi hakuwahi kupika kitu kitamu namna ile. Hata leo anaapa.

Walianza upya. Mashina mengi ambayo mizizi yake ilishika yalichipua bila kupandwa. Majirani walisaidia kurudisha uzio, na kila aliyesaidia alikwenda na mbegu. Mvua za vuli ziliponyesha, bustani ilikuwa imesogea hatua chache juu kuliko ya kwanza, mbali na njia ya tembo.

Kambi ilimwita mwaka uliofuata. Simu iliingia akiwa anapalilia, na ajabu ni kwamba hakuruka. Alisema, "Nimesikia, nitakuja," akamaliza tuta. Wegesa naye alisema sasa mbegu zimeota vya kutosha, anarudi kwake, paa lake linavuja na hakuna wa kuliziba. Walimsindikiza hadi barabarani. Alimwambia Rose asiruhusu mtu amshikie jiko. Nikodemo alimwambia dada yake ajihadhari tu na radi.

Sasa Nikodemo amerudi kwenye shati lake jeupe. Bustani ya Manchira inalimwa na Rose, ina pampu na wateja wa jumla, na ni nzuri kuliko ilivyokuwa. Wakati mwingine, akiwa likizo, hukaa pale nje na kuanza, "Unakumbuka ile siku ya..." na Rose humkata.

"Baba Skola, tulikuwa na shida. Nililala nikihesabu mabati. Wewe unaongea kama tulikuwa harusini."

"Najua tulikuwa na shida."

"Sasa unatabasamu nini?"

Hawezi kumweleza vizuri. Hamu yake si ya ile shida. Ni ya kuinama tuta moja na mtu anayejua jina lake la kwanza, wakibishana kama mbuzi alikuwa mweusi au wa madoa.

Mwaka huu aliomba likizo yake iangukie masika. Rose alifunga cherehani, wakampa Skola funguo, wakapanda pikipiki mbili kwenda Kemambo. Wegesa amezeeka, anatembea akishika ukuta, lakini aliwasikia kabla hawajafika uani.

"Nani kafa?" aliita kutoka ndani.

"Shikamoo dada. Tumekuja kulima."

Walisikia mkono wake ukipapasa ukuta. Kisha akatoka, akavitazama viatu vyao, akatazama mawingu upande wa mto.

"Mvua imeanza juzi," alisema. "Mmechelewa. Ingieni ndani mle chakula kwanza."